Bei ya Masaki na Deni la Mipango Miji

Mkazi wa Dar es Salaam akitaka kueleza kwamba maisha yamemnyookea mtu fulani, atasema tu: siku hizi yuko Masaki. Hana haja ya kuongeza neno. Dalali anayetafutia mteja nyumba Mikocheni au Kinondoni atahakikisha ametaja kwamba Masaki ni dakika chache kutoka hapo, na mtoto aliyekulia Oysterbay ataitwa wa ushuani au wa geti kali hata kama wazazi wake ni wapangaji wanaohangaika na kodi. Kwa hiyo swali la kama rasi ya Msasani inastahili bei yake linawahusu wengi kuliko wachache wenye uwezo wa kuishi huko. Majibu mawili yamezoeleka. La kwanza linasema mwenye fedha huenda palipo pazuri, na hakuna cha kujadili. La pili linasema yote ni kujionesha, kwamba nyumba ni nyumba na anayelipa kodi ya Masaki analipia jina. Majibu yote mawili yanaliacha jambo lenyewe. Mvuto wa Masaki na Oysterbay ni wa kweli, lakini sehemu yake kubwa haikutengenezwa na matajiri wala haikuletwa na bahari. Ilitokana na uamuzi wa umma: ardhi kupimwa, njia kutengwa na maeneo ya wazi kulindwa kabla watu hawajajenga. Ndiyo maana bei ya Masaki ni kipimo cha kile ambacho sehemu nyingine za jiji zimenyimwa.

Tuutendee haki mvuto wenyewe kwanza. Rasi hii imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, imeinuka kidogo kutoka baharini na inapata upepo ambao katikati ya jiji huzuiwa na majengo. Barabara zake zinajulikana zinaanzia wapi na kuishia wapi, na viwanja vina mipaka inayosomeka kwenye ramani na kwenye hati. Gari la zimamoto, la wagonjwa au la kunyonya majitaka linafika hadi mlangoni. Miti iliyopandwa miaka mingi iliyopita bado inatoa kivuli, na ufukwe wa Coco uko wazi kwa yeyote anayetaka kukaa na familia yake Jumapili jioni akila mihogo ya kukaanga. Balozi nyingi na makazi ya mabalozi yako huko, na Shule ya Kimataifa ya Tanganyika, iliyoanzishwa mwaka 1963, ina kampasi yake ya sekondari Masaki. Tangu mwaka 2022 Daraja la Tanzanite, lenye urefu wa zaidi kidogo ya kilomita moja, linaunganisha eneo la Coco na upande wa Hospitali ya Aga Khan, na safari ya kwenda mjini imefupika. Mtu anayeona faida hizi na kuzitamani hana kosa. Anatamani kulala bila hofu ya mafuriko, kutoka nyumbani bila kukanyaga majitaka ya jirani, na kuwa na karatasi inayothibitisha kwamba alipojenga ni pake.

Faida hizo zilianza na ubaguzi, na historia hiyo haifai kufichwa. Kanuni za ujenzi za Wajerumani za mwaka 1891 ziliugawa mji kwa aina ya majengo. Waingereza walipoitwaa Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia waliuendeleza mgawanyo huo kwa kanda tatu: moja ya nyumba za mtindo wa Kizungu, moja ya maduka na makazi ambako wengi walikuwa wenye asili ya Asia, na moja ya Waafrika, kuanzia Kariakoo. Sheria ilitaja ubora wa nyumba, lakini kilichopatikana ni mgawanyo wa rangi, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukabaki wazi kama mpaka. Daraja la Selander lilipojengwa mwishoni mwa miaka ya 1920, njia ya kuvuka mkondo wa bahari kuelekea kaskazini ilifunguka, na Oysterbay ikapimwa kuwa makazi ya maofisa wa Kizungu. Ikapewa viwanja vipana, barabara zinazofuata ufukwe na nyumba zilizotazama upepo. Fedha na utaalamu wa umma vilielekezwa kwa watu wachache, na wengi waliojenga mji kwa mikono yao wakaachiwa kujipanga wenyewe.

Uhuru ulileta wakazi wapya kwenye ramani ileile. Nyumba za maofisa wa kikoloni zikawa za maofisa wa serikali ya wananchi. Azimio la Arusha la mwaka 1967 likakataza viongozi kumiliki nyumba za kupangisha, na sheria ya mwaka 1971 ikataifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000. Kwa muda, thamani ya ardhi ya rasi hii haikuwa njia ya kutajirika, kwa kuwa mwenye nyumba mkuu alikuwa serikali yenyewe. Milango ya uchumi ilipofunguliwa katika nusu ya pili ya miaka ya 1980, mambo yakageuka. Mashirika, balozi na wafanyabiashara wakahitaji nyumba nzuri kwa haraka, na kodi zikaanza kutajwa kwa dola. Kuanzia mwaka 2002 serikali ikawauzia watumishi wake nyumba za umma, zikiwamo za Oysterbay na jirani zake. Baadhi ya viwanja hivyo vikabadilisha mikono, nyumba za zamani zikavunjwa, na mahali palipokuwa na familia moja na bustani pakainuka ghorofa. Kwa njia hiyo thamani iliyojengwa kwa fedha za umma ikahamia mikononi mwa watu binafsi bila umma kubaki na fungu la maana. Jambo hili tutalirudia, kwa sababu ndilo lenye ufunguo wa swali zima.

Kabla ya hapo kuna pingamizi la wazi: kwamba Masaki ni ghali kwa sababu ya bahari, na bahari haipimwi wala haipangwi. Jibu liko kwenye rasi hiyohiyo. Kijiji cha wavuvi cha Msasani ni cha zamani kuliko Oysterbay, kiko kando ya bahari ileile, kinapigwa na upepo uleule, na kutoka hapo hadi nyumba za kifahari ni mwendo wa miguu. Jirani yake ni Bonde la Mpunga, eneo la chini ambalo nyumba zake zilijengwa bila mpangilio, na ambalo mvua za masika huligeuza bwawa kwa sababu majengo mapya yaliyolizunguka yameziba njia za maji. Kama bahari na umbali kutoka mjini vingetosha kupandisha thamani, mitaa hii ingelingana. Hailingani. Tofauti ni kwamba upande mmoja ulipimwa, ukachorewa barabara na kupewa hati, na upande mwingine uliachwa ujazane wenyewe. Ufukwe wenyewe ni mrefu, kuanzia Kunduchi na Mbweni hadi Kigamboni. Kilicho adimu ni ufukwe wenye barabara, maji na mipaka isiyogombaniwa.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Mtu anaweza kusema kwamba mahali palipo na matajiri hupendeza kwa sababu matajiri wana fedha za kupapendezesha, na kwamba kupima viwanja ni matokeo ya utajiri, si chanzo chake. Dar es Salaam ina bahati ya kuwa na ushahidi wa kulipima dai hili. Katika miaka ya 1970 serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, iliendesha mradi wa viwanja na huduma. Sinza, Kijitonyama na sehemu ya Mikocheni zilipimwa zikiwa bado tupu, zikachorewa barabara na viwanja vidogo vilivyokusudiwa watu wa kipato cha chini. Manzese, ambako watu walikwisha kujenga, iliboreshwa kwa kupelekewa barabara na maji katikati ya nyumba zilizokuwapo. Miradi yote miwili ilikuwa na nia njema, na hakuna uliolenga matajiri. Leo Sinza na Kijitonyama ni mitaa inayotafutwa na watu wa kipato cha kati, yenye nyumba imara, njia zinazopitika na biashara za kila aina. Manzese bado inabanana. Wachumi waliolinganisha miradi ya namna hii katika miji saba ya Tanzania, katika utafiti uliochapishwa na jarida la Journal of Political Economy mwaka 2021, walikuta kwamba miongo kadhaa baadaye maeneo yaliyopimwa kabla ya kujengwa yana nyumba kubwa, bora na zilizopangika zaidi kuliko yale yaliyoboreshwa baada ya watu kujaa. Sinza haikuanza na matajiri. Ilianza na ramani, na wakazi wake wakawekeza kwa sababu ramani iliwahakikishia kwamba hawatabomolewa kesho.

Hapo patazuka swali la haki: kama Sinza ilikusudiwa watu wa chini na ikaishia mikononi mwa watu wa kati, je, kupanga mji si njia nyingine ya kuwafukuza maskini? Ukweli ni kwamba wengi waliopewa viwanja waliviuza, na wanunuzi walikuwa na uwezo kuliko wao. Lakini tuulize kwa nini wanunuzi walimiminika huko. Walimiminika kwa sababu jiji lilipokuwa likikua kwa kasi, viwanja vilivyopimwa vilikuwa vichache mno. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu wakazi 4,364,541 wa Dar es Salaam. Ya mwaka 2022 ikahesabu 5,383,728. Ni ongezeko la watu zaidi ya milioni moja katika miaka 10, na makadirio yanayotumiwa kwa muda mrefu yanasema kwamba takribani asilimia 70 ya wakazi wa jiji hili wanaishi kwenye makazi yasiyopangwa. Chakula kikiwa kidogo mezani, mwenye nguvu ndiye anayeshiba, na kosa haliko kwenye chakula. Dawa ya Sinza kupanda bei ni kuwa na Sinza nyingi, mfululizo, kabla mahitaji hayajalundikana.

Tukishajua mvuto unatoka wapi, tunaweza kuona pia jinsi unavyoliwa polepole. Rasi ni kipande cha ardhi chenye njia chache za kuingia na kutoka. Viwanja vilivyopimwa kwa familia moja vinabeba familia nyingi, pamoja na ofisi, migahawa na hoteli. Magari yameongezeka, barabara za ndani ni zilezile, na foleni ya jioni inawafika hata waliohamia huko kwa kuikimbia. Majengo mengi bado yanategemea mashimo ya majitaka yanayonyonywa na magari. Mfumo huo ulitosha nyumba moja katikati ya bustani, lakini jengo la ghorofa nyingi linauelemea. Kuta zimeinuliwa, nyaya za umeme zimewekwa juu yake, na njia zilizokuwa za kutembea zimekuwa korido kati ya fensi mbili. Daraja la Tanzanite limesaidia, ila daraja halipanui barabara ya ndani ya mtaa. Mpangaji anayelipa kodi kubwa leo analipia sifa iliyojengwa na wakati ambao majirani walikuwa wachache.

Haifuati kwamba ghorofa ni adui. Watu wengi kuishi karibu na kazi ni jambo jema kwa jiji linalopoteza saa nyingi barabarani, na kumlazimisha kila mwenye kiwanja Oysterbay abaki na nyumba ya chini ni kulinda nafasi ya wachache. Kariakoo yenyewe inathibitisha hilo: mtaa uliopimwa kwa mistari iliyonyooka kwa ajili ya nyumba za chini za Waswahili umeweza kubeba maghorofa na kuwa soko linalotegemewa na wafanyabiashara wa nchi za jirani, kwa kuwa barabara zake zilikuwapo tangu mwanzo. Tatizo ni idadi ya watu kupanda huku mabomba, mitaro na usafiri wa umma vikibaki nyuma. Mabasi ya mwendokasi yaliyoanza mwaka 2016 yalifika kituo cha Morocco bila kuingia kwenye rasi. Mlinzi, dada wa kazi, mpishi na fundi wanaotoka Mbagala au Gongo la Mboto hupanda daladala mbili au tatu, kisha bodaboda, ili Masaki iamke na kufanya kazi. Mtaa unaowategemea watu ambao hauna nafasi ya kuwalaza wala njia ya kuwafikisha una kasoro ambayo bei haioneshi.

Wapo watakaosema kwamba kinachowapeleka watu ushuani ni usalama, na usalama hununuliwa kwa mlinzi na geti. Hofu ya wizi si ya kubeza. Mzazi anayefikiria watoto wake ana haki ya kuipa uzito. Lakini mlinzi, geti na king'ora vinapatikana popote jijini kwa gharama ileile. Kinachofanya ulinzi uwe rahisi zaidi mahali fulani ni mambo ya mpangilio: taa za barabarani, anwani inayoeleweka, njia ambayo gari la polisi linaweza kupita usiku, na mtaa usio na vichochoro visivyo na mwisho. Isitoshe, ukuta mrefu humficha mwizi aliyekwisha kuingia sawasawa na unavyomficha mwenye nyumba. Mtaa ambao majirani wanajuana na kuonana una ulinzi ambao kampuni haiuzi, na ulinzi huo unapatikana zaidi uswahilini kuliko Masaki.

Sasa turudi kwenye ufunguo. Kama thamani ya rasi hii ilitengenezwa na umma, umma unarudishiwa nini? Jibu linasikitisha. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo inakusanywa kupitia malipo ya umeme ya LUKU kwa viwango sawa nchi nzima. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na 5,000 kwa zile za ghorofa. Viwango vimepandishwa baadaye, lakini msingi wake umebaki uleule: jumba la chini lililo kando ya bahari Oysterbay linatozwa sawa na nyumba ya vyumba vinne Chanika. Njia ya LUKU ina sifa yake, kwa maana inawafikia wengi bila usumbufu na gharama ya kukusanya ni ndogo. Hata hivyo haiulizi kiwanja kina thamani gani, wala thamani hiyo imetoka wapi. Daraja likijengwa kwa mkopo utakaolipwa na Watanzania wote, bei ya ardhi ya upande wa pili hupanda, na faida hubaki kwa mwenye hati. Mkulima wa Songea analipa deni, mwenye kiwanja anapandisha kodi ya pango. Kodi inayofuata thamani ya ardhi, hata ikiwa ndogo, na ikiwa na msamaha kwa wazee waliobaki kwenye nyumba zao za siku nyingi, ingerudisha sehemu ya faida hiyo na kugharimia upimaji wa Chanika, Kivule na Mbagala.

Itasemwa kwamba tulishajaribu kupima na hatukufika mbali. Mradi wa viwanja 20,000, ulioanza mwaka 2002, ulipima maeneo kama Bunju, Mbweni, Kibada, Gezaulole, Toangoma na Buyuni, na ukavuka lengo lake la idadi. Kasoro zake zinajulikana. Maji, umeme na lami vilichelewa miaka mingi, viwanja vingi vilinunuliwa na watu waliovishikilia wakisubiri bei ipande, na waliohitaji zaidi walishindwa kulipa ndani ya muda uliowekwa. Hata hivyo, leo Kibada na Mbweni ni miongoni mwa sehemu ambazo familia za kipato cha kati zinazitaja zinapotafuta pa kujenga, na nyumba zilizosimama huko hazitahitaji kubomolewa ili barabara ipite. Mradi ulithibitisha kwamba upimaji unalipa, na kwamba ukifanywa mara moja tu kisha ukaachwa, unageuka uwanja wa walanguzi. Urasimishaji wa makazi yaliyokwisha kujaa unafaa kwa kuwapa watu hati na amani, lakini hauwezi kurudisha barabara mahali palipokwisha kujengwa nyumba. Kazi hiyo ilipaswa kufanywa mapema, na ni ya bei nafuu zaidi ikifanywa mapema.

Hukumu basi ni hii. Kwa familia inayopima kama ihamie Masaki au Oysterbay, sababu nzuri ya kulipa bei ile ni moja: kazi au shule iwe hukohuko, kiasi kwamba muda unaookolewa barabarani una thamani kuliko fedha. Anayetafuta utulivu, hati safi, maji yasiyotuama na njia ya kupitisha gari la wagonjwa atapata sehemu kubwa ya hayo kwenye kiwanja kilichopimwa Mbweni, Kibada au Kijitonyama kwa gharama ndogo zaidi, na fedha zinazobaki zisomeshe watoto. Kabla ya kulipa popote, mnunuzi akague ramani ya mipango miji kwenye ofisi ya ardhi ya halmashauri, atembelee mtaa wakati wa masika, aulize majitaka yanaenda wapi, na asafiri kwenda kazini saa 12 asubuhi kabla ya kumwamini dalali anayetaja dakika. Kwa halmashauri tano za Dar es Salaam na kwa Wizara ya Ardhi, ombi ni kubwa zaidi: pimeni Chanika, Msongola, Kisarawe II na Mabwepande sasa, tengeni barabara, mitaro, shule na viwanja vya watoto kabla nyumba hazijafika, na tozeni ardhi kwa thamani yake ili kazi hiyo isikwame kwa kukosa fedha. Mkazi wa Chanika anahitaji mtaro na hati sawasawa na mkazi wa Oysterbay, na serikali iliyoweza kumpimia mmoja inaweza kumpimia mwingine.